Regulata Mpya: Pima Shinikizo la Kati Kabla ya Kugusa Skrubu

Wazamiaji wengi wanaoniletea regulata mpya (kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi chini ya maji) inayovuja huilaumu hatua ya pili, yaani sehemu inayoumwa mdomoni, kwa kuwa ndiko mlio wa hewa unakosikika. Mara nyingi kosa liko kwingine. Hatua ya kwanza, inayofungwa kwenye vali ya mtungi, hupokea hewa yenye shinikizo la bar 200 au zaidi na kuishusha hadi shinikizo la kati, takriban bar 9 hadi 10 juu ya shinikizo la mazingira. Isipofunga sawasawa, shinikizo hilo hupanda polepole mpaka vali ya hatua ya pili ikazidiwa na kuanza kuvuja, ingawa yenyewe haina kasoro yoyote. Anayekaza skrubu ya hatua ya pili ili kunyamazisha mlio huo anaficha ugonjwa, na juu yake anajiongezea ugumu wa kuvuta pumzi.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata mtungi. Ziba mlango wa hatua ya kwanza kwa kifuniko chake, kisha vuta pumzi taratibu kupitia hatua ya pili: hewa isiingie kabisa. Ikiingia, kagua mkanda unaobana kipande cha mdomoni, kiwambo (utando mwembamba wa mpira ndani ya hatua ya pili), na vali ya mpira ya kutolea pumzi, ambayo ukingo wake huweza kujikunja au kunasa chembe ya mchanga.

Baada ya hapo funga regulata kwenye mtungi uliojaa, unganisha geji ya shinikizo la kati kwenye bomba la mpira la kujazia hewa jaketi la kuelea, na ufungue vali polepole huku kioo cha geji kikitazama upande mwingine. Bonyeza kitufe cha kupulizia hewa, kilicho usoni mwa hatua ya pili, mara kadhaa. Kila unapokiachia, mshale unapaswa kurudi na kusimama palepale. Ukisogea kidogo kisha ukatulia, si neno, lakini ukiendelea kupanda kwa dakika nzima, regulata hiyo haiingii majini. Usiirekebishe mwenyewe, irudishe kwa fundi aliyefunzwa muundo huo.

Shinikizo la kati likiwa thabiti, ndipo hatua ya pili inapostahili kupimwa. Legeza kabisa kifundo cha kuzungusha kilicho ubavuni, kama kipo, kisha izamishe taratibu katika beseni, kipande cha mdomoni kikielekea juu, na usikilize hewa inapoanza kutoka. Kina cha maji kutoka kwenye kiwambo hadi usoni mwa maji wakati huo ndicho kipimo cha nguvu inayohitajika kufungua vali. Kwa regulata nyingi, sentimita 2.5 hadi 4 zinafaa. Wapo wanaojivunia kipimo kidogo zaidi, lakini regulata iliyolegezwa mno humwaga hewa inapokutana na mkondo mkali.

Kifundo cha nje ni chako, kizungushe upendavyo. Skrubu ya ndani, inayosogeza tundu la hewa karibu na mpira mdogo unaoliziba, ni jambo jingine: inataka zana yake, maelekezo ya mtengenezaji, na kitufe cha kupulizia kibonyezwe kila unapoizungusha, la sivyo ukingo wa tundu utaukata mpira huo. Hata fundi mwenye zana hana sababu ya kuharakisha, kwa kuwa mpira mpya bado haujapata alama ya tundu, na marekebisho ya leo huenda yakabadilika baada ya pumzi mia chache.

Kwa sababu hiyo napendelea mzamiaji aivutie pumzi regulata yake kwanza katika maji ya kina kifupi, akilala kifudifudi, chali na ubavu, kisha arudie kipimo cha geji na cha beseni baada ya mbizi mbili tatu, akilinganisha na namba alizoandika siku ya kwanza.