Mikwaruzo ya rekodi za kale haikutoka kwenye maikrofoni
Wengi huamini kwamba maikrofoni za zamani, kama RCA 44 ya miaka ya 1930, ndizo zilizozipa rekodi za enzi hizo sauti nyembamba yenye mikwaruzo, ilhali lawama hiyo huangukia zaidi santuri za mizunguko 78 kwa dakika na redio za masafa ya kati. Ndani ya RCA 44 mna utepe wa alumini, mwembamba kuliko unywele, ulioning'inizwa kati ya ncha za sumaku na kutikiswa na hewa kutoka mbele na nyuma. Ndiyo maana mwimbaji akisogea karibu besi huvimba, huku sauti kali za juu zikipokewa kwa upole. Kuipulizia ili kuijaribu, desturi mbaya ya jukwaani, kunaweza kuukunja utepe huo.