Tani za Karatasi ya Magazeti: Kulinganisha Malta na Iceland

Karanga zinazouzwa stendi ya Mafinga mara nyingi hufungwa kwa kurasa za gazeti la zamani. Chukua gazeti zima la kurasa 16, la ukubwa tuliouzoea, uliweke kwenye mizani ya dukani: litakuwa na uzito unaokaribia gramu 40. Kwa hiyo tani 1 ya karatasi hutoa nakala zipatazo 25,000, kabla ya kutoa zile zinazoharibika mtambo unapowashwa na karatasi inapokatika katikati ya kazi.

Katika kufundisha takwimu hapa Iringa, ninapokadiria usomaji wa magazeti kwa tani za karatasi ambazo nchi inatumia, huwa sianzi na Tanzania, kwa kuwa nchi yenye kiwanda cha karatasi, kama tulivyo na Mgololo, hailazimiki kuagiza kila inachotumia, na hivyo mtu hupaswa kujumlisha kinachozalishwa na kinachoingia, kisha atoe kinachouzwa nje. Malta na Iceland hazina kiwanda cha karatasi ya magazeti. Rola za karatasi zinazoshuka bandarini ndizo zitakazochapwa, na jambo hilo linarahisisha hesabu.

Hata hivyo, hesabu hiyo ifanywe kwa tani, si kwa fedha. Bei ya karatasi hii ilipanda sana duniani mwaka 1995, ikapanda tena mwaka 2021 na 2022 gharama za nishati zilipoongezeka, na sarafu ya Iceland iliporomoka mwaka 2008 pamoja na benki zake. Anayesoma thamani peke yake anaweza kudhani magazeti yameongezeka ilhali rola zimepungua. Vilevile, kwa soko dogo, meli iliyochelewa kutoka Desemba hadi Januari hubadilisha sura ya miaka miwili, hivyo ni salama zaidi kutumia wastani wa miaka 3 mfululizo. Kuna pia suala la maana ya bidhaa yenyewe: forodha huiweka karatasi hii kwenye namba 4801, yenye uzito wa gramu 40 hadi 65 kwa mita ya mraba, lakini mwaka 2017 kiwango cha chini cha nyuzi za mbao zilizosagwa kwa mashine kilishushwa kutoka asilimia 65 hadi 50. Mstari wa grafu ukiruka hapo, tusikimbilie kuwasifu wasomaji.

Ugumu hasa uko kwenye kugawanya tani kwa idadi ya watu. Iceland, yenye watu wasiofika 400,000, ilipata mwaka 2001 gazeti la bure, Fréttablaðið, lililokuwa likipelekwa majumbani hadi lilipokaribia kufungwa mwaka 2023. Karatasi ilitumika hata pale gazeti lilipookotwa mlangoni na kutupwa bila kufunguliwa. Malta ina watu zaidi ya 500,000, na mitambo yake imekuwa ikichapa pia magazeti ya Uingereza kwa ajili ya watalii na Waingereza wanaoishi huko. Ukigawanya tani zote kwa Wamalta, unawahesabia karatasi iliyosomwa na mgeni aliyekaa wiki moja ufukweni. Hati ya forodha haitenganishi rola hizo, kwa hiyo anayetaka kuzitoa itambidi aombe kumbukumbu za kiwanda cha uchapaji.