Maji ya Feri: niambie kwanza yalikuwa yanajaa au yanakupwa

Nikiletewa ripoti ya maji ya bahari pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, kabla sijatazama safu ya bakteria naangalia kitu kimoja: sampuli ilichotwa maji yakijaa au yakikupwa? Kama hakuna aliyeandika, sioni haja ya kuendelea kusoma.

Bandari ya Dar es Salaam mlango wake ni mwembamba, na huko ndani mito ya Kizinga na Mzinga inamwaga maji yaliyopita kwenye makazi ya Temeke. Yakikupwa, mzigo wote huo unapita mbele ya soko la samaki. Yakijaa, unachota maji yaliyotoka bahari kuu. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupanda na kushuka mita 3 na ushee, kwa hiyo chupa mbili za siku moja, mahali palepale, zinaweza kutoa majibu yasiyofanana hata kidogo. Anayetaka majibu mazuri anajua saa ya kwenda!

Mimi huchota yakikupwa, upande wa soko unaotazama ndani ya bandari kisha upande unaotazama bahari kuu. Kinachoongezeka hapo katikati ndicho cha kuwauliza watu wa soko. Chumvi napima papo hapo: bahari yetu ina kama gramu 35 kwa kila kilo ya maji, na ikishuka, hasa wakati wa masika, maji ya mto yameshachanganyika. Wavuvi wanabebeshwa lawama nyingi zisizo zao.

Zao zipo, tena oksijeni huzionyesha. Damu na matumbo ya samaki yakitupwa majini, bakteria wanaoyaozesha wanatumia oksijeni, na maji ya bahari yenye joto la nyuzi 28 hayabebi zaidi ya miligramu 6 na kitu kwa lita. Pima alfajiri, kabla mimea ya majini haijapata jua na kuanza kutoa oksijeni. Kipimo cha saa nane mchana kinabembeleza.

Kwa uchafu wa vyooni natafuta enterokoksi, bakteria wa utumbo, maana wanastahimili maji ya chumvi kuliko wenzao E. koli. Chupa iliyotakaswa, mdomo uelekee mkondo, chini ya ule utando wa mafuta. Halafu barafu, gizani, na maabara ndani ya saa 6. Foleni ya Kivukoni haiahirishi muda huo.

Madini mazito ni habari nyingine. Rangi za meli zenye sumu ya bati zilipigwa marufuku kimataifa mwaka 2008, ila mabaki yake hudumu miaka mingi kwenye tope. Huko chupa ya maji haikusaidii; chota tope lenyewe, au pima chaza walioganda kwenye nguzo za gati.