Konda Hakuula Mzigo Wako: Yanayosemwa Kuhusu Kampuni za Vifurushi na Ukweli Wake

Nilikaa miaka sita kwenye dirisha la vifurushi jijini Dar es Salaam, nikipokea mizigo ya kwenda mikoani na kukabidhi iliyotoka huko. Maneno niliyokuwa nikiyasikia yalikuwa yale yale kila siku, mengine ya wateja, mengine ya mabosi wetu. Nayaandika kwa sababu yanawaumiza watu wasiohusika, konda na bodaboda hasa, na penye kasoro panaachwa vilevile mwaka hadi mwaka.

"Mzigo haujafika, basi konda kaula"

Wizi upo, sitaficha. Lakini katika mizigo niliyoitafuta mwenyewe kwa simu na kwa miguu, mingi haikuwa imeibwa. Ilikuwa imekaa stoo ya mji mwingine, karani wa huko akiiona kila asubuhi asijue ni ya nani.

Chukua basi la Dar kwenda Mbeya. Njiani linashusha mizigo Morogoro, Iringa, Mafinga, Makambako. Likifika Mafinga, orodha inasema mizigo 6. Konda anashusha 6, karani anahesabu 6, anasaini, basi linaondoka. Kumbe mmoja kati ya hiyo 6 ni wa Makambako, na wa Mafinga umebaki kwenye buti. Makambako nako idadi inatimia. Karatasi zote mbili ni safi, na watu wawili hawana mali yao. Ndivyo tulivyolipoteza boksi la vipuri vya cherehani la fundi mmoja wa Mafinga. Siku 9 nzima alimtaja konda kwa jina kuwa ni mwizi. Boksi lilikuwa Makambako, jina lake limeandikwa kwa kalamu ya wino na mvua imeshalifuta nusu.

Pale hapakukosekana uaminifu. Watu walihesabu badala ya kusoma namba ya kila mzigo, na walihesabu kwa sababu hawakupewa muda wa kusoma. Ratiba ya basi ilipangwa kana kwamba hakuna mzigo unaoshushwa njiani: dereva anapiga honi, abiria wananung'unika, konda ameshika tochi kwa meno. Mtu aliyepanga ratiba hiyo yuko ofisini Dar na hajawahi kusimama Mafinga saa tatu usiku.

Kosa jingine la aina hiyo ni la mteja aliyeleta maboksi 2 akakatiwa risiti 1. Namba inabandikwa kwenye boksi la kwanza, la pili linafungwa kamba tu pamoja na mwenzake. Kamba ikikatika, boksi la pili halina jina duniani.

Dawa yake haikuwa ghali. Tulianza kutia mizigo midogo ya kila mji kwenye gunia lake, linafungwa Dar na kufunguliwa mji huo tu, na kila boksi likapata namba yake hata kama mteja ni mmoja. Simu za kutafuta mizigo ya njia ile zilipungua hadi karani mmoja akahamishiwa kazi nyingine. Hadi leo nasikitika kwamba ilituchukua miaka mitano kununua magunia.

"Bodaboda ni mvivu, hataki kutafuta nyumba"

Soma anwani tunazoandika: "Mbagala, karibu na msikiti, ukifika piga." Misikiti ya Mbagala ni mingi. Bodaboda anafika, anapiga, simu haipokelewi, au anapokea mtu aliyeko kazini Posta mpaka jioni. Kijana huyo analipwa kwa mzigo uliokabidhiwa. Ule uliorudi hana chake, na mafuta yaliyoungua ni yake. Ukimlipa hivyo, ataanza na mizigo rahisi, na ile migumu itazunguka naye siku tatu. Hata mimi ningefanya hivyo. Kampuni ikimlipa chochote kwa safari aliyokwenda na simu aliyopiga bila kupokelewa, kijana yuleyule anakuwa mvumilivu.

Na anwani zipo. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti 23, Tanzania ilifanya Operesheni Anwani za Makazi: mitaa ikapewa majina, nguzo zikasimikwa, nyumba zikapata namba. Kuna postikodi ya tarakimu 5, na kuna NaPA, programu ya simu ya kutafutia anwani hizo. Fomu yetu ya kupokelea mizigo iliendelea kuuliza jina, simu na mkoa. Nilipouliza kwa nini haina mstari wa namba ya nyumba, niliambiwa fomu za zamani bado ziko nyingi stoo. Basi wewe unayetuma, muulize mpokeaji namba iliyobandikwa kwake, uiandike mwenyewe pembeni.

"Mzigo umerudishwa nyuma, maana yake umepotea"

Mtu wa Tanga anatuma Morogoro, anashangaa kusikia mzigo uko Dar. Haujapotea, umepitishwa Dar kwanza ili ugawiwe kutoka hapo. Usiku wa Aprili 17, 1973, kampuni ya vifurushi ya FedEx ya Marekani ilianza kazi kwa ndege 14 na vifurushi 186 vya miji 25, vyote vikikusanywa mji wa Memphis kwanza, hata vya miji jirani. Kuunganisha miji 25 mmoja kwa mmoja kunataka njia 300, ilhali ukipitia kituo kimoja hazizidi 25. Shida inakuja kituo kikizidiwa, au gari la kuleta mizigo likikwama foleni ya Kimara na basi la alfajiri limeshaondoka. Hapo mzigo unalala siku nzima, na hakuna anayempigia mteja kumwambia.

"Mizigo mingi ndiyo faida"

Hii ni ya mabosi, na ndiyo inayoua kampuni. Nchini Uingereza kulikuwa na kampuni ya vifurushi ya City Link, ikijulikana nchi nzima. Mwaka 2013 iliuzwa kwa pauni 1 kwa sababu ilikuwa ikipata hasara, na wanunuzi wakatia pauni milioni 40 kuinusuru. Desemba 24, 2014, mkesha wa Krismasi, msimu ambao mizigo huwa mingi kuliko wakati wowote, ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi, na watu wakasikia siku ya Krismasi yenyewe. Ilikuwa na wafanyakazi 2,727, na madereva wapatao 1,000 wa kujitegemea, wengi wakiendesha magari yao wenyewe. Hawa walikuwa wameshafanya kazi ya msimu huo na bado wanadai, wakawekwa nyuma kabisa kwenye foleni ya wadai. Huku kwetu Sendy, kampuni ya kusafirisha mizigo ya Nairobi, ilipata dola milioni 20 za wawekezaji Januari 2020, na 2023 ikafunga.

Mzigo unaobebwa kwa bei iliyo chini ya gharama yake unaongeza hasara kila unapoongezeka. Mabosi wengi wanajua bei ya mafuta na mshahara wa dereva, lakini hawajui mzigo uliorudi unagharimu kiasi gani. Katika biashara ya kulipa ukipokea, mteja akibadili mawazo mlangoni, mzigo unasafiri mara mbili na pesa haiingii hata mara moja. Ofisini kwetu mizigo iliyorudi haikuwa na daftari. Iliandikwa siku ya kwenda tu, na ikahesabiwa kuwa ni kazi iliyofanyika. Mwisho wa mwezi tulipongezwa kwa idadi, kisha mishahara ikachelewa.

"Tukiweka mfumo wa kompyuta yataisha"

Mfumo unasaidia, lakini una udhaifu wake. Juni 2017 kirusi kilichoitwa NotPetya kilizima kompyuta za TNT, kampuni ya vifurushi ya Ulaya ambayo FedEx ilikuwa imeinunua mwaka mmoja nyuma. Wafanyakazi walirudi kwenye kazi ya mikono, na hasara ikakadiriwa kufika dola milioni 300. Tena mfumo hujua kile tu mtu alichouambia. Karani anayepimwa kwa kasi atabonyeza "umefika" kwa orodha nzima kabla gunia halijafunguliwa, ili namba za asubuhi zipendeze. Nimeona hivyo, na walioamrisha ndio waliokuja kumfokea karani mteja alipofika.

Kwa hiyo ukipigiwa simu kwamba mzigo wako umefika, omba usomewe namba iliyo kwenye boksi lenyewe. Karani atalazimika kuinuka kutoka kwenye skrini aende stoo. Subiri kwenye laini, na asiporudi na namba hiyo, usipande daladala.