Deilili ya laki moja na nusu kwenye jua la Dodoma

Deilili, mmea wa maua ya bustani uitwao daylily kwa Kiingereza, hata ile ya laki moja na nusu, huchanua alfajiri, na jioni ua lake limeshanyauka. Ya elfu tano nayo vilevile. Hayo huwa maneno yangu ya kwanza kwa wateja wanaofika kitaluni na picha kwenye simu: ua la zambarau lenye pindo la dhahabu, je, nawaagizia?

Bei ile inatokana na uchache. Mbegu ya deilili huzaa mtoto asiyefanana na mama, kwa hiyo anayetaka ua lilelile hana budi kugawanya shina, na shina hutoa machipukizi machache tu kwa mwaka. Aina ikiwa mpya, yanagombewa; yakishaenea, bei inashuka. Stella de Oro, ile fupi ya njano aliyoizalisha Walter Jablonski, ilisajiliwa Marekani mwaka 1975, ikapata Stout Silver Medal, tuzo ya juu kabisa ya deilili huko Marekani, mwaka 1985. Siku hizi huko kwao ni deilili ya bei poa, na ua ni lilelile.

Hata hivyo, Stella nayo sikushauri uipande hapa. Ni ya kundi linalolala: hupoteza majani yote na kungoja baridi kali ya nchi za kaskazini. Sisi hata Julai, tukiwa tumejikunyata kwenye masweta, hatuna baridi ya namna hiyo. Niliwahi kununua ya kundi hilo kwa pesa nyingi. Muuzaji hakusema, nami sikuuliza. Kwa miaka mitatu ilizidi kukonda, ua nikaliona mara moja tu. Kwa hiyo kabla ya bei, uliza kama ni ya kijani mwaka mzima.

Halafu rangi. Zambarau na nyekundu iliyokolea, ambazo ndizo ghali, haziwezi jua letu la saa nane. Petali hulegea kama karatasi iliyolowa. Zipande upande wa mashariki wa nyumba, zipate jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Njano na chungwa hazina makuu hayo.

Maji ndiyo yatakayokula pesa yako. Mvua zetu zikikatika Aprili, tunangoja mpaka karibu na Desemba. Mizizi minene ya deilili huhimili kiu, mmea haufi, lakini huangusha matumba, na wewe ulinunua maua. Kisima chako kikiwa cha chumvi, ncha za majani nazo zitaungua. Ningeanza na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri na matandazo mazito, bei ya mche tuizungumze baadaye.

Kama wewe ni mtu wa kuchavusha na kuotesha mbegu zako mwenyewe, haya, nunua ya ghali. Unanunua uzazi wake. Kumbuka tu kwamba kuingiza mche kutoka nje kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Usiufiche kwenye begi. Kwa anayetaka bustani ipendeze, chipukizi moja la ghali litachukua miaka kuwa kichaka, wakati sita za njano zinajaza kona msimu wa kwanza au wa pili.

Mama mmoja wa Iyumbu amechukua hizo sita juzi. Anasema atarudi kwa ya zambarau mvua zikianza. Nimemwomba safari hiyo aje na picha ya ukuta wake wa mashariki.