Kwa nini kuta za Dodoma zimegeuka kijivu

Pita mtaa wowote mpya wa Dodoma uangalie kuta: nyeupe, krimu, kijivu, kijivu tena. Sakafu nyekundu ya oksaidi imefunikwa na vigae, na tofali za maua, zile zenye matundu ya kupitisha hewa, zimepisha madirisha ya alumini. Mwenye nyumba atakwambia rangi kali haidumu. Hakosei: ameona pinki ya mwaka juzi ikipauka upande wa magharibi.

Ila jua haliziui rangi zote sawasawa. Rangi za oksaidi ya chuma, yaani nyekundu ya udongo, kahawia na manjano iliyofifia, hazipauki. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, mingi ni ya wekundu huohuo na bado inaonekana. Zinazokufa haraka ni pinki na zambarau za bei nafuu, tena nyingine huliwa na ukali wa saruji mbichi kabla jua halijazifikia. Lipu mpya iache siku 28 kwanza.

Wekundu huo unaweza kuuchanganya mwenyewe kwa chokaa na unga wa oksaidi. Kwa chokaa kilo 10, oksaidi isizidi kilo 1. Ukizidisha, chokaa haitaweza kuishika, na kila atakayeegemea ukuta ataondoka na wekundu mgongoni. Koroga oksaidi peke yake na maji mpaka iwe uji, chuja kwa kitambaa, ndipo umimine kwenye chokaa iliyolala majini usiku mzima. Iwe nyepesi kama maziwa. Changanya ya ukuta mzima kwa mara moja, maana ndoo ya pili haifanani na ya kwanza. Ikiwa mbichi, rangi huonekana imekolea zaidi, kwa hiyo jaribu kipande kidogo kwanza, kikauke.

Lowanisha ukuta, paka jioni, mikono (yaani matabaka ya rangi) mitatu au minne myembamba, kila mmoja ukae siku nzima. Fundi mwenye haraka hupaka miwili minene. Upepo wetu unaikausha rangi hiyo juujuu, inabanduka kama magamba.

Ukuta wote ukiwa mwekundu, nyumba itanywa joto. Mimi hupendekeza juu pabaki peupe, chini upite mkanda mwekundu wa sentimita 60 hadi 90, pale mvua ya Januari inaporusha tope. Peupe hapo huchafuka kwa mvua moja.

Na tofali za maua zirudi, walau juu ya dirisha, zikiwa na wavu wa mbu kwa ndani. Dirisha la kuteleza hufunguka nusu tu.