Usiniulize Ngozi ni kilomita ngapi

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na kundi la watu kumi na wawili wanaokuja Mbeya kutoka Dar: "Kaka, kwani kule Ziwa Ngozi ni kilomita ngapi? Tukianza saa nane mchana si tutawahi kurudi?" Mwenzao akaongeza kwamba watabeba chupa ndogo tu za maji, wakifika watachota ziwani. Swali hili la kilomita limenichosha. Anayeanza nalo huwa ameshaiharibu safari kabla hajafunga kamba za viatu.

Ziwa Ngozi limekaa ndani ya kaldera. Volkano ilidondokea ndani, likabaki shimo, shimo likajaa maji. Huoni mto unaoingia wala unaotoka. Ukiacha lami ya Mbeya–Tukuyu unapita mashamba ya viazi, unaingia msituni, unapanda, na njia ya kawaida inaishia ukingoni. Hapo ziwa unaliona chini yako, zaidi ya mita 200. Unalitazama, hulifikii. Kijia cha kushuka hadi majini kipo, lakini ni cha kushikilia mizizi, na siku ya utelezi simpeleki mtu. Hata ukifika, maji yale yana chumvichumvi kutokana na majimoto ya chini ya ardhi. Joto hilohilo ndilo linalowaleta kwenye mlima huu watu wa jotoardhi, wanaotafuta joto la ardhini la kuzalisha umeme. Kwa hiyo kila mtu abebe lita 2 kutoka nyumbani, na hilo tusilirudie.

Sasa kilomita. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila maili 3, ambazo ni karibu kilomita 5, halafu ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 unazopanda, yaani kama mita 600. Chukua njia ya kilomita 3 yenye mita 300 za kupanda. Kwa mwendo wa barabarani ni dakika 36. Kanuni inaongeza 30, inakuwa saa moja na dakika sita. Mita za kupanda karibu zimeongeza muda mara mbili, na kilomita hazikukwambia chochote.

Hata hivyo Naismith hakuhesabu matope ya Uporoto, milima hii ya Ngozi. Hakuhesabu kundi la watu kumi na wawili, ambalo mmoja akisimama kufunga kiatu wote wanasimama, na wakimwona yule kinyonga wa pembe tatu kila mtu anataka picha yake. Kwa kundi la aina hiyo mimi huizidisha kanuni mara mbili, na mara nyingine bado hupitwa na muda.

Ila kinachoniudhi kuliko vyote ni kauli hii: "Kupanda ndiyo kazi, kushuka tunateremka tu." Hapana. Watu niliowafunga bendeji kwenye njia ile, karibu wote waliumia wakishuka. Unapopanda, moyo unakwenda mbio, unahema, unajua umechoka, unapumzika. Unaposhuka hakuna anayehema, kwa hiyo hakuna anayepumzika. Wakati huohuo misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi ya breki: inavutwa huku imekaza, hatua baada ya hatua. Ikichoka, goti linaanza kutetemeka, mguu unatua mahali ambapo hukupanga. Maumivu yenyewe huja kesho yake au keshokutwa, ndiyo maana watu hawaunganishi.

Angalia mguu unavyokanyaga. Mzizi uliolowa, uliovuliwa gome na viatu vya watu, unateleza kama sabuni. Mgeni anaukanyaga kwa sababu unafanana na ngazi. Usiukanyage. Weka kiatu kwenye udongo upande wa juu wa mzizi, ubavu wa kiatu uelekee chini, goti limekunjwa kidogo, fimbo imetangulia. Uzito usiuhamishe mpaka mguu wa mbele umeshika. Hatua ziwe fupi mpaka uone aibu. Raba zilizoisha meno ziache hotelini.

Kuna kreta, mashimo mengine ya volkano, ambazo mpango wake ni kinyume kabisa. Empakaai, kule Ngorongoro, unaanzia ukingoni: unashuka kwanza hadi ziwani, ukiwa na askari mwenye silaha, halafu ile kazi ya kupanda inakungoja ukiwa umeshachoka. Watu wanafika chini wakiwa na furaha, wanasema ilikuwa rahisi, wanakaa kutazama heroe hadi jua linawachoma. Huko ukifika ziwani umemaliza nusu ile nyepesi.

Kwa hiyo swali la kuanza nalo ni hili: tunageuza kurudi saa ngapi? Kwa Ngozi mimi nahesabu kurudi nyuma kutoka giza. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na robo, lakini chini ya miti giza linatangulia. Nataka kundi liwe limetoka msituni saa kumi alasiri. Basi tunageuza saa saba na nusu, popote tulipo, hata kama hatujafika ukingoni. Na tunaanza kupanda saa tatu asubuhi, si saa nane mchana. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua hupenda kushuka mchana, kwa hiyo asubuhi ndiyo mali yenu. Juni na Julai ni pakavu zaidi, lakini baridi ya Uporoto haina mzaha. Njooni na sweta. Kuhusu mwinuko: mtahema, tembeeni polepole. Kila mtu awe na tochi na koti la mvua.

Saa hiyo ya kugeuza ndiyo inayonisumbua hadi leo. Ukingoni ukungu ukikaa, huoni ziwa. Unaona weupe mtupu na unasikia matone yakidondoka kwenye majani. Mwaka mmoja nilisubiri na mama mmoja aliyekuwa ametamani kuliona ziwa hili tangu ujana wake. Saa saba na nusu ikafika, nikasema tugeuze. Hakubisha. Tulikuwa tumeshuka kama dakika kumi jua likapenya kwenye miti, nikajua kule juu pamefunguka. Aliniangalia, mimi nikaangalia magoti yake, yalikuwa yameanza kutetemeka. Tukaendelea kushuka. Nimelifikiria mara nyingi, na sina hakika kama nilimtendea haki.

Kundi la Dar, jibu lenu: saa kumi na mbili asubuhi muwe mmeshakunywa chai, gari liwe mlangoni.